Kuchokonoa vitasa vya liva: nianzie wapi?

mchongafunguo_mza

Wakuu, habari za jioni. Nachonga funguo hapa Mwanza, upande wa Mlango Mmoja. Kufuli za kawaida na vitasa vya silinda havinisumbui. Kinachonishinda ni vitasa vya kuchimbia vyenye liva, yale mabamba ya ndani yanayonyanyuliwa na ufunguo, hasa liva tatu, vya chapa ya Union na vile vya Kichina vinavyofanana navyo. Mteja akipoteza ufunguo naishia kutoboa kwa drili, mlango unapata kidonda na yeye ananunua kitasa kingine. Nahitaji zana gani? Nianze na kitasa kipi? Na nitajuaje kinachoendelea ndani wakati sioni kitu? Liva tano nazo zinawezekana?

TupaBapa

Mkuu, nunua kitasa kipya cha liva tatu pamoja na ufunguo wake, ukifungulie mezani. Ukishatoa skrubu, nyanyua kifuniko taratibu huku kidole gumba kimezikandamiza liva, la sivyo springi zitaruka. Piga picha ya mpangilio kabla hujagusa kitu. Liva zikibadilishana nafasi, hata ufunguo wake halali utagoma.

Ndani utaona ulimi, kile chuma kinachoingia kwenye fremu kufunga mlango, na juu ya ulimi kipini kilichosimama. Kila liva ni bamba linalocheza kwenye nguzo moja, springi inalisukuma chini, na katikati limekatwa matundu mawili yaliyounganishwa na mwanya mwembamba. Kipini kikiwa kwenye tundu, ulimi hauendi popote. Liva zote zikinyanyuliwa mpaka mianya ikae mstari mmoja, kipini kinapita na ulimi unarudi. Liva ikiwa chini inazuia, ikizidi juu inazuia vilevile. Mwingereza Robert Barron ndiye aliyepata hataza ya ubunifu huo mwaka 1778, na mpaka leo ndio unaomsumbua fundi anayenyanyua kila kitu kwa pupa.

Zoezi ni hili. Toa liva mbili, bakiza moja, rudisha kifuniko. Sukuma ulimi kidogo kuelekea upande wa kufungua, kisha nyanyua liva kwa waya mpaka usikie ulimi umesogea. Rudia mpaka mkono uzoee. Ongeza ya pili, halafu ya tatu. Anayeanza na tatu moja kwa moja hufungua kwa bahati, na bahati hiyo haitamfuata kwa mteja.

Sababu ya kuwezekana: hakuna kiwanda kinachokata liva zikafanana kabisa. Ukiusukuma ulimi, kipini hakizigusi liva zote kwa nguvu moja, kuna moja inayobanwa kwanza. Itafute hiyo. Zilizo huru zinacheza na kurudi kwa springi, iliyobanwa inakataa. Inyanyue, ulimi usogee kama unene wa ukucha, kisha tafuta inayobanwa sasa. Mpangilio wa kubanwa haufuati mpangilio wa kukaa, kwa hiyo usidhani iliyo karibu nawe ndiyo ya kwanza.

spoku_na_jiliwa

Kuhusu zana, usiagize seti ya bei mbaya kabla hujajua unataka nini. Unahitaji vitu viwili: cha kusukumia ulimi na cha kunyanyulia liva.

Cha kusukumia kichonge kutoka ufunguo wa aina ileile ya kitasa. Ufunguo wa liva una jino moja la kusukuma ulimi na mengine ya kunyanyua liva. Kata yote ya liva, bakiza hilo la ulimi, kisha punguza shina kwa tupa ili waya upate nafasi ya kupita pembeni. Funguo za kuchezea hivi hazikosekani kwenye kopo la mabaki la mchonga funguo yeyote.

Cha kunyanyulia: spoku ya baiskeli ya milimita 2 inatosha. Pinda ncha yake kwa pembe mraba kwenye jiliwa, ikiwa baridi. Ukiipasha moto mpaka iwe nyekundu inalainika, na kwa mteja itakunjika kama waya wa kufungia kuni. Kimo cha ncha kilingane na jino refu kabisa la ufunguo, au kipungue kidogo. Halafu isage bapa mpaka iwe nyembamba kuliko liva moja. Hapo ndipo wengi wanakosea: ncha nene inanyanyua liva mbili pamoja, wewe unadhani umeipata moja. Malizia kwa msasa laini, kwa sababu ncha yenye makovu inakwaruza na vidole havisikii kitu.

Chora alama kwenye shina la waya kuonyesha ncha iko liva ya ngapi. Bila alama unapapasa tu.

fundi_mlango_igogo

Kabla ya kuchokonoa, angalia mlango. Msimu wa mvua mbao zinavimba, ulimi unabana kwenye bati la fremu. Ukianza kazi hapo unasikia ugumu wa fremu ukidhani ni liva. Mtu ausukume au auvute mlango kwa goti mpaka ulimi uwe huru, ndipo uanze. Na nusu ya simu za "nimejifungia nje" hazihusu liva kabisa: kitasa hakijafungwa kwa ufunguo, ni mshikio umelegea na haurudishi ulimi wa juu. Hapo tatizo ni ule mchuma wa mraba unaopita katikati ya mishikio.

mchongafunguo_mza

Nashukuru sana wakuu. Nimefuata ya liva moja na mbili, inakubali. Ya tatu inanigomea. Mbili zinakaa vizuri, ya tatu nikiinyanyua haina mwisho, inapanda mpaka juu na ulimi haujasogea. Nikiachia naanza upya. Kingine, kitasa nilichotoa kwenye nyumba moja Kirumba kila liva inakuwa nzito, siwezi kutofautisha.

TupaBapa

La kwanza: umeipitisha. Mwanya umepita juu ya kipini na sasa kipini kinagonga chini yake. Dalili yake ni hiyo, liva inapanda bila kushikwa. Legeza msukumo robo tu, usiachie wote, liva ishuke yenyewe kwa springi. Mara nyingi zile mbili zitabaki. Chanzo ni msukumo mkubwa. Kwa liva tatu za nyumbani, kidole kimoja kinatosha. Ukiona kucha imekuwa nyeupe, umezidisha.

Shukuru hicho si kitasa cha Mwingereza Chubb cha mwaka 1818, ambacho liva ikizidi kunyanyuliwa ilikuwa inanaswa juu, kinakataa hata ufunguo wake mpaka kirudishwe. Hata hivyo fundi vitasa Mmarekani, Hobbs, alikifungua London mwaka 1851 kwa dakika 25.

spoku_na_jiliwa

La pili ni grisi. Watu wanaoishi karibu na ziwa wakiona kutu wanajaza grisi kwenye tundu la ufunguo. Vumbi linaingia, inakuwa gundi, liva zinashikana kama mkate mmoja. Mlangoni, puliza mafuta mepesi ya kupenyeza, subiri, chezesha liva zote kwa waya bila kusukuma ulimi mpaka kila moja irudi peke yake. Liva isiyorudi kabisa springi yake imekatika au imeliwa na kutu. Inyanyue kidogo kidogo na uiache inapokaa, maana hakuna cha kuirudisha.

fundi_mlango_igogo

Mimi na mafuta hatupatani. Leo yanalegeza, mwezi ujao yamevuta vumbi. Unga wa risasi ya penseli unatosha.

spoku_na_jiliwa

Unga kwa kitasa kisafi, sawa. Kilichokwisha gandamana unga haukisaidii. Mafuta ya kufungulia, kisha kitasa kikitoka mlangoni kioshwe kwa mafuta ya taa, kikaushwe, ndipo unga.

Bisibisi_Ndogo

Liva tano zinawezekana ila zina mambo matatu tofauti. Mosi, nyingi zina pazia, kipande cha duara kinachozunguka na ufunguo na kuziba tundu. Zana ya kusukumia lazima izungushe pazia hilo na waya upite ndani yake, kwa hiyo spoku na ufunguo uliokatwa havitoshi, hapo nunua zana yenye bomba. Pili, liva na kipini vimekatwa vijipengo vya uongo. Ulimi unasogea kidogo, unafurahi, kisha kila kitu kinakwama. Ijaribu kila liva: iliyokaa kwenye mwanya wa kweli inacheza kidogo, iliyonaswa kwenye kijipengo imekaza kabisa. Legeza hiyo na uiongeze kidogo sana. Tatu, zenye alama ya BS 3621, kiwango cha ubora cha Uingereza, zina bati gumu la kuzuia drili, kwa hiyo hata ile njia yako ya zamani itakula ncha bure.

Vile vya mageti vinavyofunga mara mbili au tatu, ujue kila mzunguko liva zinarudi chini na unachokonoa upya. Usivute zana ukidhani umemaliza.

fundi_mlango_igogo

Na usifungue mlango wa mtu kwa maneno matupu. Nyumba ya kupanga, mwenye nyumba aongee nawe. Ukiwa na shaka, mjumbe au mwenyekiti wa mtaa awepo. Andika jina, namba ya kitambulisho na tarehe kwenye daftari.

mchongafunguo_mza

Daftari ninalo. La mwisho: mlango ukishafunguka, mteja bado hana ufunguo. Nabadilisha kitasa?

TupaBapa

Hapana, hapo ndipo pesa yako wewe mchongaji. Toa skrubu mbili za ubavuni mwa mlango, kitasa kitoke, fungua kifuniko. Chukua ufunguo mbichi, usiochongwa meno, wenye shina la unene uleule, chonga kwanza jino la ulimi. Kisha uzungushe ndani huku unaangalia: liva ambayo mwanya wake umepita juu ya kipini, jino lake ni refu, lipunguze kwa tupa nyembamba. Piga tupa mara mbili, jaribu, piga tena, maana ukizidisha hurudishi chuma. Kitasa kinachofunguliwa pande zote mbili mara nyingi meno yake yanalingana kutoka kati kwenda kila upande, kwa hiyo ukipata la mwanzo umepata na la mwisho.

Ukirudisha kitasa mlangoni, zungusha ufunguo mpya kutoka ndani na kutoka nje mlango ukiwa bado wazi. Upande mmoja ukikwama, tafuta jino lililobaki refu upande huo.