Tupeane uzoefu: mbwa wa kuokota amezeeka, tunamuagaje?

Mzee wa Kimara
Wakuu, humu kuna waliookota mbwa koko wakawalea hadi meno yakaisha. Tupeane mambo ya kufanya siku zake zikikaribia: utajuaje wakati wa kumpumzisha kwa sindano umefika, daktari anafanya nini, na mwili unaupeleka wapi.

Bi Kipepeo
Kwanza msikimbilie kusema "uzee tu huo". Homa ya kupe humlegeza, humkondesha, hupausha fizi na hata kumtoa damu puani, lakini wengi hupona kwa antibiotiki ya doksisaiklini ya takriban wiki 4 ikiwahiwa. Uvimbe unaovuja damu sehemu za siri mara nyingi ni ule unaoambukizwa kwa kupandana. Watu humkatia tamaa kwa huo, na kumbe sindano ya vinkristini mara moja kwa wiki, kwa wiki 4 hadi 6 hivi, huwaponya wengi. Akisusa ugali huku mdomo unanuka, tazama meno.

Vipimo vya nyumbani: bonyeza ufizi kwa kidole, rangi irudi ndani ya sekunde 2. Akiwa usingizini hesabu pumzi za dakika nzima. Zikizidi 30 kila unapohesabu, moyo au mapafu yana shida.

Fundi Seremala
Maumivu ya viungo: msimpe diklofenaki wala ibuprofeni ya binadamu. Hutoboa tumbo na kuharibu figo. Daktari wa mifugo anayo meloksikamu, ambayo hupimwa kwa uzito wa mbwa. Sakafu ya vigae itandikeni mkeka au zulia kuukuu, maana miguu ya nyuma ikiteleza mara mbili tatu, anaogopa kuinuka kabisa.

Bi Kipepeo
Kuhusu wakati, daktari Alice Villalobos wa Marekani aliweka mambo 7: maumivu, kula, maji mwilini, usafi, furaha, kutembea, na siku njema kuzidi mbaya. Kila moja lipe alama 0 hadi 10. 10 ndiyo hali njema. Jumla ikizidi 35, bado anaweza kuendelea kutunzwa. Andika kwenye kalenda, maana anayemuona kila siku hatambui anavyoshuka.

Chaurembo
Samahani wakuu, daktari ni hela. Sumu ya panya si inamaliza kazi?

Mzee wa Kimara
Hapana ndugu yangu. Nyingi huzuia damu kuganda, kwa hiyo atavuja damu ndani kwa ndani siku kadhaa, akili timamu. Huko si kumpumzisha.

Dada Mifugo
Inavyotakiwa: kwanza sindano ya kumlaza. Subirini dakika 5 hadi 15, mpaka ukimgusa kope hapepesi. Ndipo pentobabitali, dawa ya usingizi kwa dozi kubwa ya kumuua, iingie kwenye mshipa wa mguu wa mbele. Moyo husimama ndani ya dakika chache. Mbwa aliyekaukiwa maji mshipa husinyaa, sindano ikatoka nje ya mshipa, basi muombeni daktari aweke kanula (kijibomba kinachokaa ndani ya mshipa) mapema. Macho yatabaki wazi, mkojo unaweza kutoka, na anaweza kuvuta pumzi moja mbili za mwisho ilhali ameshakwenda. Watoto waambiwe kabla. Daktari asikilize moyo hadi athibitishe.

Muulizeni pia anatumia dawa gani. Kuna zinazopooza misuli au kusimamisha moyo, na hizo hazifai kwa mbwa ambaye hajazimia kabisa.

Fundi Seremala
Kuzika: shimo la mita 1 na zaidi, mbali na kisima, udongo ushindiliwe na mawe juu. Msitupe jalalani. Pentobabitali hubaki kwenye nyama, na kunguru, tai au mbwa mwingine akila naye anakufa. Mfuko wa plastiki hauna kazi, shuka la pamba linatosha. Kwa joto la Dar mzikeni siku hiyohiyo.

Dada Mifugo
Nyongeza moja: kama alibadilika tabia ghafla, akatoa mate, akashindwa kumeza au akang'ata mtu, msizike kwanza. Piteni ofisi ya mifugo, kichwa kipimwe kichaa cha mbwa. Aliyeng'atwa aoshe jeraha kwa maji na sabuni dakika 15, kisha hospitali siku hiyohiyo bila kungoja majibu.