FAMILIA YA MZEE (NKUHUNGU)

*Jumatatu*

Mama Happy, 05:58
Habari za asubuhi ndugu zangu. Baba kateleza usiku koridoni akienda msalani. Hakuanguka, fimbo ndiyo iliyomshika. Ni mkojo wa yule mbwa, Bosi, juu ya marumaru. Mama Sifa kanipigia analia. Naomba tukubaliane leo, si kesho.

Mama Happy, 06:31
Nawaona mmesoma.

Baba Sifa, 06:44
Shikamoo shemeji. Mzee hajambo, kashakunywa uji wake wa uwele. Anasema mbwa asisumbuliwe.

Ima, 07:10
Bosi gani anawaogopa wafanyakazi wake 😂

Mama Neema Dar, 07:11
😂😂 Mpandisheni cheo atulie

Mama Happy, 07:12
Ima, wewe unalala nyumba hiyo hiyo. Babu yako alipoteleza ulikuwa wapi?

Ima, 07:20
Nimelala mama mkubwa. Shikamoo.

Mama Happy, 07:20
Marahaba. Leo usilale.

Baba Joshua Bahi, 08:02
Nilisema tangu siku ya kwanza. Mbwa ni wa nje, alale bandani, alinde. Mmempa sebule mnategemea nini? Mkishindwa nileteeni huku Bahi, nina mifugo, nitajua pa kumweka.

Mama Sifa, 08:40
Kaka, usiku akiachwa nje anaparua mlango mpaka kucha zinatoka damu. Yule mpangaji wa jirani alipohamishwa kikazi alimwacha uani kwenye mnyororo, watoto wakawa wanampitishia maji chini ya geti. Mpaka leo mnyororo ukigonga geti tu anakojoa pale pale aliposimama. Si jeuri ile.

Mama Neema Dar, 08:52
Mshikeni kichwa mumsugue pua kwenye huo mkojo mara mbili tatu. Ndivyo tulivyokuwa tunafanya nyumbani.

Mama Happy, 09:05
Sifa uko wapi? Tunakusomesha udaktari wa wanyama halafu mbwa wa nyumbani anatushinda. Ukipata nafasi andika hapa hapa wote wasome.

Mama Happy, 13:15
Sifa

Mama Neema Dar, 13:40
Jamani kabla sijasahau, kitenge cha sendoff mmechagua kipi? Fundi anasubiri.

Mama Joshua, 13:42
Kile cha zambarau

Mama Neema Dar, 13:42
Cha zambarau kinachuja rangi

Mama Happy, 13:50
Tafadhali. Mzee akivunjika nyonga mtavaa hicho kitenge wodini.

Sifa SUA, 18:32
Shikamooni wote. Nilikuwa kliniki, simu haturuhusiwi. Nimesoma yote. Babu pole sana.
Mama nijibu kwanza: anakojoa kidogo kidogo mara nyingi? Anajikamua hakitoki kitu? Umeona damu?

Mama Sifa, 18:36
Damu hapana. Maji anakunywa sana, ila kwa joto hili hata sisi. Ya koridoni huwa dimbwi zima.

Sifa SUA, 18:41
Hata hivyo aonwe na daktari wa mifugo kabla ya yote. Maambukizi ya njia ya mkojo, figo, kisukari, vyote vinamfanya mbwa ashindwe kujizuia, na hapo mfundishe mwaka mzima hamtafika. Na kwa kuwa hana kadi, achomwe na chanjo ya kichaa cha mbwa siku hiyo hiyo.

Sifa SUA, 18:49
Halafu mnachanganya vitu viwili. Dimbwi la usiku ni kwamba hakuna aliyemfundisha pa kwenda wala aliyemtoa. Vile vitone baba akirudi kazini ni woga. Mwangalieni vizuri: masikio yanalala, tumbo linagusa sakafu, mkia unaingia katikati ya miguu, ndipo anachuruzika. Anaomba asipigwe. Ukimkaripia umemwonyesha kwamba alikuwa sahihi kuogopa.
Baba, ukiingia mpite tu. Usimwinamie, usimkazie macho. Kaa kwenye kiti umpe ubavu, aje mwenyewe. Na ufunguo uwe mfukoni usilie.

Baba Sifa, 18:55
Ufunguo tena?

Sifa SUA, 18:55
Rundo lile lote baba, linalia kama mnyororo.

Baba Sifa, 18:58
Kweli. Huwa nalichezesha kuanzia getini.

Sifa SUA, 19:06
Mama mdogo, kumsugua pua hapana, nisamehe. Hata dakika chache zikipita hajui tena anaadhibiwa kwa lipi. Anachojifunza ni kukojoa mafichoni. Ima, kule nyuma ya kochi alianza lini?

Ima, 19:08
Baada ya kupigwa na ufagio

Mama Sifa, 19:09
Ima

Ima, 19:09
Si kaulizwa dada mama

Sifa SUA, 19:20
Basi ufagio uwekwe mbali. Kufundisha kwenyewe ni hivi. Alfajiri akifumbua macho tu anatolewa. Kila akimaliza kula anatolewa. Mchana msimwache saa nyingi, na usiku mara ya mwisho wakati mnafunga mageti. Afungwe kamba laini, mnyororo asiuone kabisa. Aende pembe moja tu kila siku, hapo chini ya mwarobaini panafaa, na mtu asimame naye mpaka amalize. Mkimsukuma nje na kufunga mlango atashinda kizingitini akilia, mkimfungulia anakuja kukojoa ndani.
Akimaliza, hapo hapo mpe dagaa mmoja mkavu na umsifu. Ukingoja mpaka mmeingia ndani, anajua dagaa ni wa kuingia ndani.

Ima, 19:22
Mimi sijawahi kupewa dagaa kwa hilo

Mama Neema Dar, 19:22
🤣🤣🤣

Sifa SUA, 19:27
Chakula kiwe saa zile zile kila siku, ndipo mtajua saa ya kumtoa. Maji msimnyime, Dodoma hii mtamuua. Na nani anamwaga jiki juu ya mkojo? Vikikutana vinatoa mvuke unaochoma mapafu, na babu analala mlango wa pili. Futeni pakauke, sabuni ya unga, suuzeni, halafu siki na maji. Harufu ikibaki kidogo tu, kwa pua yake pale ni choo.

Mama Happy, 19:34
Asante mwanangu. Mmesikia. Ratiba: alfajiri Ima. Mchana Mama Sifa. Usiku Baba Sifa. Daktari ni Alhamisi asubuhi, kila nyumba elfu kumi, tumeni kwangu leo.

Ima, 19:36
Mama mkubwa nina kipindi UDOM saa moja asubuhi, na daladala unazijua

Mama Happy, 19:36
Bosi anaamka saa kumi na moja. Muda unao.

Mama Neema Dar, 19:40
Elfu kumi za mbwa? Mimi zile za bati la shamba sijarudishiwa.

Baba Joshua Bahi, 19:48
Mambo mengi ya nini. Jumamosi nakuja mnadani, nampitia naondoka naye. Mzee apumzike.

Mama Sifa, 19:51
Umpitie kama ulivyompitia Popi?

Baba Joshua Bahi, 19:52
Mmeanza.

Mama Happy, 19:52
Hayo tuyaache.

Mama Neema Dar, 19:55
Tuyaache vipi dada, wakati Happy wako mwenyewe aliugua homa kwa kulia? Na yule hakuwa anakojoa ndani. Kosa lake lilikuwa kuku mmoja.

Baba Joshua Bahi, 19:56
*Ujumbe huu umefutwa*

Mama Sifa, 19:57
Nimeuwahi kuusoma kaka.

Babu, 20:47
MBUKWENYI WANANGU. POPI SIKUULIZWA. NILIAMKA NIKAKUTA KAMBA TU. HUYU HAENDI BAHI. NA UFAGIO BASI. MIMI NAPITA GIZANI KWA KUWAONEA HURUMA UMEME WA LUKU. KUANZIA LEO NITAWASHA TAA. BABA YENU

*Jumanne*

Mama Happy, 06:15
Shikamoo baba. Tumekusikia. Taa iwashwe usiku kucha, umeme wa mwezi huu nalipa mimi.

Mama Joshua, 06:40
Shikamoo baba.

Ima, 06:52
Nimemtoa. Alinusa mwarobaini wote, akazunguka, akanitazama mimi, kuku wa jirani wakalia akarudi nyuma ya miguu yangu. Nikakaa chini nikatazama pembeni kama alivyosema dada. Baadaye kabisa akakojoa. Nikampa dagaa. Alipousikia mkono wangu begani hakulala chini, alisimama.

Mama Sifa, 06:54
Nilikuwa dirishani. Asante baba.

Sifa SUA, 06:58
Ima 👏🏾 Kesho tena hivyo hivyo. Siku zingine atakosea, msishangae, hasa mvua ikipiga bati. Mbwa aliyetupwa huchukua wiki nyingi, hata miezi, kuamini kwamba nyumba ni yake. Jana usiku palikuwaje?

Baba Sifa, 07:05
Nilimtoa saa nne. Ilipofika saa tisa pakawa pamelowa tena, ila karibu na mlango wa nje. Mzee alipaona kwa taa akapita pembeni.

Sifa SUA, 07:06
Karibu na mlango ni habari njema sana baba. Alikuwa anatafuta kutoka. Usiku wa leo mtoeni na saa nane.

Baba Sifa, 07:15
Saa nane nani?

Mama Happy, 09:30
Michango: nimepokea ya Mama Sifa na yangu. Mama Neema?

Mama Neema Dar, 11:48
Jioni dada. Nitatuma elfu tano, tano nyingine iko kwenye bati.

Mama Happy, 11:50
Sawa. Baba Joshua?

Mama Happy, 16:20
Baba Joshua, hakuna aliyekugombeza. Andika neno.

Mama Joshua, 17:02
Ameenda kunywesha ng'ombe, simu kaacha nyumbani. Ila elfu kumi natuma mimi.

Mama Happy, 17:05
Ubarikiwe. Sasa Alhamisi tunampelekaje? Bajaji wa kituoni wote wamekataa, wanasema atachafua kiti.

Baba Sifa, 17:09
Yule aliyembeba mbuzi wa Pasaka alikuwa hana shida kabisa. Nani ana namba yake?

Mama Sifa, 17:31
Anayo kaka.

Mama Happy, 17:33
Mama Joshua, akirudi muombe. Na ya saa nane usiku hamjanijibu.