Fomu za siri za kumpima msimamizi: ni haki, au ni majungu yamepewa karatasi?

Supavaiza_Mafinga
Wakuu, habari za jioni. Nasimamia zamu kwenye kiwanda cha mbao hapa Mafinga, huu mwaka wa sita. Afisa utumishi wetu karudi kutoka semina Dar na jambo jipya: kila aliye chini yangu anipime bila kuandika jina. Anajua kupanga kazi? Anasikiliza? Akikosea anakubali? Wako tisa. Wamejaza saa ya chai, wakatumbukiza kwenye boksi la viatu lililotobolewa juu, mimi nimesimama nje kwenye maranda kama mshitakiwa.

Jana naitwa ofisini, nawekewa fomu zote tisa mezani. Nane za kawaida. Ya tisa: "Anatoa kazi kwa halaka, ukimuuliza anakalipia, ile lipoti ya ajali ya msumeno hakuandika." Jamani, halaka! Lipoti! Siri iko wapi hapo? Zamu nzima anayeongea hivyo ni mmoja.

Swali langu: mtu anayejificha ana haki gani ya kumhukumu mwenzake? Mwenye neno aje aniambie usoni.

Kabwe_Juu
Usoni, wakati wewe ndiye unayesaini ovataimu yake? Mkuu, mwenye watoto shule hana ushujaa huo.

BintiTukuyu
Mimi nimekwama kwenye "halaka" tu. Kwa hiyo tunaotoka Rungwe tukishika kalamu mnaanza kuchekana? Bibi yangu kasema "balabala" miaka 80 na kote alikokuwa anakwenda alifika. Jadili alichoandika, acha ulimi wa mtu.

Supavaiza_Mafinga
Dada, sijamcheka mtu, nasema anajulikana. Na wala si wa Rungwe, ni Mhehe wa Kilolo.

Mzee_wa_Kihesa
Ala! Umeshamtaja hadi wilaya, limebaki jina la baba yake. Halafu kijana, hiyo Iringa unayoitamka kwa madaha asili yake ni lilinga, yaani ngome. Hiyo r imekuja baadaye. Kwa hesabu hiyo anayekosea ni wewe.

Kabwe_Juu
Mzee kila mada lazima aifikishe Kalenga, kwenye ngome ya chifu Mkwawa wa Wahehe 😂 Ngome yenyewe si Wajerumani waliivunja 1896?

Mzee_wa_Kihesa
1894, mwezi wa kumi. 1898 ndiyo Mkwawa alipojipiga risasi asikamatwe. Na 1891 pale Lugalo mbona huitaji? Mnakumbuka tulipopigwa, tulipowachapa mnapata usahaulifu.

Mwalimu_Makambako
Tumetoka nje ya mada. Sisi serikalini tulikuwa na OPRAS, mfumo wa kupima utendaji kazi, tangu 2004, na O ya kwanza pale ilimaanisha wazi. Unakaa na mkuu wako, mnakubaliana malengo, mnajaza, mnasaini wote wawili. Uwazi huo nimeuishi: mkuu anaandika namba, wewe unasaini, mnaagana. Sijawahi kuona mwalimu akibisha namba yake na mkuu wake anamtazama. Kwa hiyo mtoa mada, "usoni" yako naielewa vizuri sana.

Supavaiza_Mafinga
Mwalimu, usinifananishe na wakuu wa shule. Mimi nakula ugali sufuria moja na vijana wangu.

Kabwe_Juu
Na nyama unagawa wewe.

Karani_Sokomatola
Nimewahi kuendesha zoezi kama hili, ngoja niseme kidogo. Fomu za mkono hazipelekwi kwa anayepimwa hata siku moja. Anatafutwa mtu asiye wa idara hiyo, anachapa yote upya, anachanganya, anayepimwa anapewa mukhtasari. Timu ikiwa na watu watatu au wanne, maandishi usiyatoe kabisa, maana atakaa jioni na chai yake ahesabu kwa vidole mpaka awapate. Maswali nayo yaulize kitu kinachoonekana. Ukiuliza "Ni kiongozi mzuri?" utajibiwa kwa mapenzi au kwa chuki. Uliza "Wiki iliyopita alikueleza kazi kabla ya zamu kuanza?" Hapo mtu anajibu alichokiona.

Aliyeharibu ni afisa utumishi wenu aliyekumwagia karatasi mezani. Lakini mkuu, katika yote hujasema kitu kuhusu ile ripoti ya ajali. Iliandikwa au haikuandikwa?

BintiTukuyu
Ichapwe upya? Yaani "halaka" isahihishwe iwe "haraka" ndipo iwe na adabu ya kusomwa na bosi? Karani, na wewe ni walewale.

Karani_Sokomatola
Dada yangu, nachapa ili asijulikane! Ukiiacha ilivyo, si unaona yaliyompata?

BintiTukuyu
Yaliyompata yamesababishwa na msimamizi, hayakusababishwa na herufi.

Mzee_wa_Kihesa
Binti kasema. Ndaga fijo, kama wasemavyo kwenu.

Vumbi_la_Msumeno
Nimesoma kimya kuanzia juu. Supavaiza, mbona hukuwaambia wakuu kwamba tangu Jumatatu huyo wa Kilolo umemhamishia zamu ya usiku? Mafinga, mwezi wa saba, saa tisa usiku, glavu zimelowa na mbao mbichi inatoka na barafu. Ulisema "ratiba."

Kabwe_Juu
Aisee. Mada imepata mwenyewe.

Mwalimu_Makambako
Angalau wanamlipa nyongeza ya usiku? Si asilimia 10?

Karani_Sokomatola
Ni 5 ya mshahara wa msingi, kwa kila saa, kuanzia saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi. Iko kwenye sheria ya ajira ya 2004. Kampuni ikitaka kuzidisha hakuna anayeikataza.

Kabwe_Juu
5? Hiyo si hata bei ya supu ya kongoro ya kumpasha moto alfajiri.

Mwalimu_Makambako
Inategemea mshahara wa msingi, Kabwe. Na supu ya wapi? Hapa Makambako stendi bado wanapima vizuri.

Supavaiza_Mafinga
Zamu hubadilishwa kila mwezi, sijamkomoa mtu. Na wewe Vumbi, kama unafanya kazi pale jitambulishe tuongee kiume.

BintiTukuyu
Kiume! Kumbe wanawake wa zamu hiyo walijaza fomu za nini?

Vumbi_la_Msumeno
Mkuu, nikwambie kitu. Ile fomu niliandika mimi. Kwetu r tunaitamka vizuri tu, na kwetu ni wapi hutaambiwa. Niliandika "halaka" makusudi, najua unavyosoma: hutazami umeambiwa nini, unatazama nani kasema. Msumeno uliokata kidole cha yule kijana nilikuwepo, na daftari la ajali ukurasa wa siku ile mpaka leo ni mweupe.

Karani_Sokomatola
Subiri. Kwa hiyo mzigo ulimtupia mwenzako akiwa hajui kitu? Wewe na bosi wako mmepishana wapi?

Vumbi_la_Msumeno
Sikufikiria atahamishwa. Nilidhani atanuna siku mbili yaishe. Hilo nalibeba.

Mzee_wa_Kihesa
Ulibebe mpaka Kilolo ukamwombe radhi. Na uende na kitu mkononi.

Kabwe_Juu
Mi siamini. Huyu Vumbi ndiye Mhehe mwenyewe, kaona maji ya shingo anajitoa. Mtu wa pwani hajui mbao mbichi inavyotoa barafu.

BintiTukuyu
Nani kataja pwani? Kabwe na wewe umeanza kupima watu kwa ulimi.

Supavaiza_Mafinga
Vumbi, njoo inboksi sasa hivi. Nataka jina lako kabla ya kesho saa moja.

Vumbi_la_Msumeno
Halaka ya nini, mkuu?