"Bingwa wa Google" amenitukania H2 zangu huku KAIMATI YANGU iko mdomoni mwake

BintiMkomani

Nimetoka semina ya kupandisha kurasa Google sasa hivi, hata buibui sijavua. Naandika kwa simu, na sababu mtaijua.

Jina simtaji. La nini? Mnamjua nyote, yule wa miwani ya jua ndani ya ukumbi, asiyekosa semina huku Lamu, kuanzia Mokowe mpaka Faza, anayewapandisha watu wote Google isipokuwa yeye mwenyewe, maana biashara yake ukiitafuta unaletewa bei ya mbuzi Garissa. Huyo huyo.

Leo ilikuwa zamu yetu wenye blogu. Nami kwa malezi niliyolelewa siendi mahali mikono mitupu, nikapika kaimati. Za moto, zimekolea shira ya iliki, bakuli liko mbele yangu. Bwana akauliza nani atatoa blogu yake tuipasue ukutani. Shoga yangu, Mungu anamwona, akaninyoshea kidole.

Ikapandishwa. Ukurasa wa samaki wa kupaka. Jina la chakula juu, H1, ndicho kichwa kikuu. "Viungo", H2, kichwa kidogo. "Namna ya kupika", H2, na chini yake "Kukuna nazi" na "Kuchoma samaki", H3, vidogo zaidi. Kila kitu kimekaa mahali pake. Mtu wa haki angesema mashallah akaenda kwa mwingine.

Akanyosha mkono. Akachukua kaimati, ile kubwa ya juu, bila hodi bila bismillah, akaitia mdomoni nzima. Kisha, shira inamteremka kidevuni, akaniambia mbele za watu: "Dada, Google inasoma H1 tu. Hizi H2 zako ni za jikoni. Wewe shika kaimati, H1 tuachie sisi."

SHIKA KAIMATI. Anaitafuna, anaisema!

Ukumbi ukacheka mpaka vikombe vikagongana. Akacheka mlinzi. Akacheka mtoto wa kugawa maji. Kuna paka alikuwa amelala dirishani, nawaapia, hata yeye alicheka.

Akaja kwenye laptopu yangu na vidole vile vile, akageuza kila mstari kuwa H1. Kila mstari! "Chumvi kiasi" H1. "Funika sufuria" H1. Samaki wangu anapiga kelele kutoka juu mpaka chini, nadhani hadi Manda wanamsikia. Na mwisho kabisa akabandika maneno meupe juu ya weupe, eti ndiyo siri ya wakubwa: hoteli Lamu, hoteli nafuu Lamu, hoteli Shela, boti Lamu, hoteli hoteli hoteli. Kwenye samaki wa kupaka.

Sasa herufi A imenasa kwa shira. Nikiandika "samaki" inatoka "smki". Ndiyo maana natumia simu.

Lakini hayo yote ningemwachia. Mtu akikutukana mdomo mtupu unaweza kumsamehe. Huyu alikuwa nayo mdomoni. Yangu. Ile kubwa.

NahodhaMstaafu

Pole mwanangu. Zimebaki?

Kibaraza

Nimeshusha mkeka, kahawa iko jikoni. Endeleeni.

Casuarina_Boy

Huyo mtu! Alikuja huku kwetu Malindi, akamwendea mwenye nyumba za kupangisha watalii, tajiri wa Kitaliano. Akamwekea "Malindi" kwenye kila kichwa. Nyumba Malindi, vyumba Malindi, bwawa Malindi, choo Malindi. Mzee wa watu alifungua ukurasa akadhani kompyuta imeingia kirusi, akaniita MIMI nije kufuta. Nikafuta siku nzima. Malipo mpaka leo ni "domani", kesho ya Kitaliano. Kwa hiyo bibie, wewe umeliwa kaimati, mimi nimeliwa jasho.

BintiMkomani

Pole kaka, lakini wewe hukutafuniwa mbele za watu.

FundiWaKodi

Bibie, unalia msiba wa jirani na wako umelala ndani. Hiyo habari ya "Google inasoma H1 tu" kaitoa mfukoni. John Mueller wa Google alishasema mwaka 2019 kwamba H1 waweka utakavyo, moja au nyingi, na ukurasa usio nayo pia unaweza kupanda. H2 na H3 zinasomwa vilevile, zinasaidia kuelewa kipande gani kinazungumzia nini. Hakuna tagi ya kichwa, yaani hizo alama za H, inayokunyanyua peke yake. Kwa hiyo zile H1 zake hazitakuua, zimekuchafulia ukurasa tu. Ukiwafanya wote maharusi, nani apigiwe vigelegele?

Balaa ni hayo maneno meupe. Kuficha maandishi ili kumdanganya Google ni kosa lililoandikwa kwenye kanuni zake za taka (spam), na adhabu ni kushushwa au kuondolewa kabisa kwenye matokeo. Yatoe usiku huu huu. Kaimati utapika nyingine.

BintiMkomani

"Kaimati utapika nyingine." Sawa. Ulikuwepo? Ulimwona akilamba kidole? Maana alikilamba, hiki cha shahada, taratibu, KISHA akabonyeza "hifadhi".

SikioLaShela

Dadangu, mimi sioni, nasikiliza intaneti kwa programu ya kusomea skrini. Blogu yako naijua, nilikuwa naipenda kwa hizo hizo H2 zako. Nikibonyeza H naruka kutoka kichwa hadi kichwa, nikibonyeza 2 nafika "Viungo" mara moja, mchuzi haujaungua. Baada ya kusoma uzi huu nimeufungua ukurasa. Nabonyeza H: kichwa, daraja la kwanza, chumvi kiasi. H: kichwa, daraja la kwanza, funika sufuria. H: kichwa, daraja la kwanza, ndimu. Nimechoka kabla sijafika kwa samaki.

Na hayo meupe ambayo nyinyi hamyaoni, mimi nasomewa yote. Nimesimama na mwiko mkononi naambiwa hoteli hoteli hoteli.

Kibaraza

😂😂😂 Wallahi kahawa imenimwagikia. Samaki wa kupaka na chumba cha watu wawili.

BintiMkomani

Kaka wa Shela, nisamehee, hiyo ni mikono yake si yangu. Meupe nimeshayafuta sasa hivi kwa simu. H1 nazirudisha moja moja, nikifika kwenye "chumvi kiasi" moyo unapanda.

FundiWaKodi

Safi. Fanya hima, kuna kingine. Tagi ya title, ile inayotokea juu ya kivinjari, si H1, ni vitu viwili. Ila tangu 2021 Google akiona title yako haimridhishi huweza kuchukua kichwa kikubwa kinachoonekana ukurasani akakitumia kwenye matokeo. Wewe sasa hivi vichwa vyote vikubwa. Usishangae mtu akitafuta samaki wa kupaka ukatokea kwa jina la "Chumvi kiasi".

Casuarina_Boy

Mama Chumvi Kiasi, hujambo?

NahodhaMstaafu

Mama Chumvi Kiasi, swali langu hujalijibu. Zimebaki?

BintiMkomani

Mzee wangu nakuheshimu, usinitie maneno. Hazikubaki! Alipokwisha kunitusi akavuta bakuli lote upande wake!! Hiyo sikuisema mwanzo kwa sababu nilikuwa na hasira.

LangoniDaima

Naomba kuuliza kwa adabu. Kaimati za mtaa wa Mkomani tangu lini zimekuwa na shira? Yale si maji ya sukari? Angekula za Langoni asingepata nafasi ya kusema, ulimi ungeshughulika.

BintiMkomani

Nilijua. Nilijua mtu wa mtaa wa Langoni ataingia.

Kibaraza

Uzi umeanza sasa.

LangoniDaima

Nasema ukweli. Mkate wa mofa Langoni, halwa Langoni, kaimati Langoni. Mkomani mna milango ya kuchonga, kaeni mbele yake mpigwe picha.

UmuKulthumu_Bakery

Mofa Langoni? Wewe mofa yenu niliinunua juzi, nimeipeleka kwa fundi anivunjie. Halafu mwenye duka ananirudishia chenji ya pipi. Pipi! Mimi mtu mzima nina wajukuu. Huo ndio uzi ungefunguliwa, si H ngapi sijui.

FundiWaKodi

Kwa anayejali bado: vichwa viko sita, H1 mpaka H6, na huchagui kwa ukubwa wa herufi. Ukitaka herufi kubwa ni kazi ya CSS, ile kodi ya mapambo ya ukurasa. Na violezo vingi vya WordPress, programu ya kuendeshea blogu, vimeshalifanya jina la makala kuwa H1, kwa hiyo ndani ya makala anza na H2. Asiyejali aendelee na mofa.

UmuKulthumu_Bakery

Tunaendelea na mofa.

Casuarina_Boy

Fundi, nina swali. Yule Mtaliano wangu sasa anataka H1 iwe picha ya nembo yake tu, bila maneno.

FundiWaKodi

Mwambie aipe picha maandishi mbadala, yale yanayosomwa badala ya picha, lakini bora jina la ukurasa liandikwe kwa maneno, asomewe hata asiyeona. Na akulipe kwanza.

Casuarina_Boy

Hiyo ya mwisho ndiyo H1.

NahodhaMstaafu

Nyinyi mna raha, mwagombea vichwa. Yeo ndia ya nyuma ya ngome imezibwa na punda wa mchanga tangu alfajiri. Mwenyewe kawafunga kaenda kunywa chai. Nimesimama mimi, amesimama mama na kapu la samaki, wamesimama wazungu wawili wanapiga picha. Punda mmoja kaniegemea. Mimi! Miaka yote hiyo baharini naja kuegemewa na punda.

LangoniDaima

Mzee punda wale si wa Mkomani?

BintiMkomani

Hata punda ni wetu sasa.

UmuKulthumu_Bakery

Punda wale namjua mwenyewe. Usiku wananguruma chini ya dirisha langu, mchana kinyesi mlangoni, nikimwambia ananijibu "hawa hawana saa, bibi". Simtaji, mnamjua.

Casuarina_Boy

Punda nao mnalalamikia? Njooni Malindi mlale karibu na stendi ya tuktuk. Honi kabla ya adhana, honi baada ya adhana. Juzi kuna mmoja amenipigia honi nikiwa NDANI ya tuktuk yake.

SikioLaShela

Mie punda simlaumu, nasikia anakuja nampisha. Tuktuk ya umeme ndiyo itaniua, haina sauti.

Kibaraza

Tuktuk ya umeme mnazo? Huku baiskeli tu ikipita vichochoroni watu wanatoka kutazama.

LangoniDaima

Mwenye pikipiki za pale ufukweni mmeshamsahau? Anayepita kasi wakati wa kutoka madrasa?

UmuKulthumu_Bakery

Usinikumbushe huyo! Juma lililopita kaukosa mguu wa mjukuu wangu kwa inchi moja. Nimemwita, kaniwashia taa. Taa mchana!

NahodhaMstaafu

Samahani nawakatisha. Kuna anayejua kama boti ya Mokowe bado ipo? Nina mgeni wa basi amekwama huko na mizigo.

Kibaraza

Za abiria zimelala mzee. Itabidi akodi peke yake.

NahodhaMstaafu

Kaniambia amekuta mwenye boti anamtaka bei ya kununua boti.

LangoniDaima

Mwenye kofia ya bluu?

NahodhaMstaafu

Huyo huyo.

UmuKulthumu_Bakery

Astaghfirullah. Huyo mfungulieni uzi wake.