Tupeane uzoefu: umejifunzaje kinanda kwa mtandao ukiwa huku Nyanda za Juu Kusini?

Mleta mada, Mbeya mjini

Wakuu, habari za jioni. Huku kwetu mwalimu wa piano wa kukaa naye kila wiki ni wa kutafuta kwa tochi. Wengi tunaopiga kinanda kwaya tulimwangalia aliyetutangulia, halafu simu ikamalizia. Naomba kila mmoja aeleze mtandao ulimsaidia wapi na ulimkwamisha wapi. Naanza mimi.

Kilichonivusha ni kuacha kutafuta video ya wimbo mmoja mmoja. Zile video ambazo rangi zinashuka kutoka juu hadi kwenye funguo zinakuonyesha pa kubonyeza, ila hazikwambii utumie kidole gani wala kwa nini. Ukimaliza unajua wimbo ule tu. Siku mwalimu wa kwaya akisema "shusha kidogo, soprano wanaumia", huna pa kushika.

Nikachagua mfululizo wa masomo wa mwalimu mmoja, nikaanza na somo la kwanza kabisa: namba za vidole, gumba 1, kidole cha mwisho 5. Kwenye skeli ya C (sauti zinazopanda kwa mpangilio kuanzia C), mkono wa kulia, gumba linapita chini baada ya kidole cha tatu. Skeli ya F haiendi hivyo, linapita baada ya cha nne, maana B fleti ni ufunguo mweusi na inamwangukia cha nne vizuri, kisha gumba linatua kwenye C ambayo ni nyeupe. Ni jambo dogo, lakini tangu nilijue mkono hauruki tena katikati ya ubeti.

Mdau wa Tukuyu

Ndaga (asante) mleta mada, ila mimi nazitetea hizo rangi. Nimeanza nikiwa mtu mzima, mama wa watoto watatu, nota sizijui hata moja. Kama ningeambiwa nianze na skeli ningerudisha kinanda kabatini. Wimbo wa kwanza niliousikia ukitoka kwenye vidole vyangu ndio ulionifanya nirudi kesho yake.

Ninachofanya ni hiki: YouTube ina sehemu ya kupunguza mwendo. Naweka 0.5, yaani nusu, napiga mistari miwili tu mpaka ikae, ndipo napanda 0.75. Sauti haishuki, unapungua mwendo peke yake. Na napiga kwa spika za masikioni watoto wakishalala. Hapo ndipo kinanda cha umeme kinapoishinda piano kubwa, jirani hajui kama upo.

Mdau wa Mafinga

Kamwene (habari zenu) wadau. Mimi naongelea baridi, maana wanaofundisha kwenye video hawajaamka Mafinga mwezi wa saba. Vidole vikiwa vya baridi havitii, na ukilazimisha kasi unaumiza mkono. Naosha mikono kwa maji ya moto, kisha naanza na sauti ndefu za polepole kwa dakika kadhaa. Mkono ukiuma, acha siku hiyo. Sijali video inasema nini.

Mdau wa Makete

Bando. Pakua ukiwa mjini au kwenye wifi ya mtu, ubora wa picha wa 360p inatosha kabisa kuona vidole. Na kinanda kinachokubali betri kina thamani huku, umeme ukikatika unaendelea na zoezi.

Mdau wa Iringa, Kihesa

Kamwene. Niongeze jambo ambalo limewachanganya vijana wengi ninaowaelekeza. Sisi tumekulia kwenye solfa, yaani kusoma wimbo kwa do, re, mi. Kwetu "do" inahama: wimbo ukiwa kii ya G (umejengwa juu ya sauti ya G), do ni G, ukiwa kii ya F, do ni F. Sasa kijana anafungua somo la Mfaransa au Mwitaliano, anasikia "do, re, mi" anafurahi, kumbe kwa wale do ni C siku zote, wimbo uwe kii gani. Anapiga, kwaya inaimba kwingine. Kwa hiyo kabla hujafuata somo lolote, sikiliza kwanza mwalimu anahesabu kwa mfumo upi.

Ila solfa yenyewe ni mtaji mkubwa, msiidharau. Anayejua kwamba do-mi-so ni nyumbani, fa-la-do ni ya nne na so-ti-re ni ya tano, tayari ana kordi tatu (sauti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja) zinazobeba nyimbo nyingi sana za kwaya. Kazi iliyobaki ni kuzitafuta kwenye kii zote. Chukua wimbo mmoja mnaoujua wote, upige kwenye C, kesho G, keshokutwa D, bila kugusa kitufe cha kuhamisha kii. Kitufe kile kinakuokoa Jumapili, lakini ukienda kanisa lenye piano ya mbao hakipo.

Mdau wa Vwawa

Kwa wanaosoma nota: IMSLP ni maktaba ya bure ya nota ambazo hakimiliki yake imekwisha, ilianza 2006. Mazoezi 60 ya vidole ya Mfaransa Hanon yamo, ni ya 1873. Usiyapige yote, chukua mawili ya mwanzo, polepole na metronomu (kifaa cha kuhesabu mapigo). Programu za metronomu za bure zipo tele kwenye simu.

Mdau wa Tukuyu

Kaka wa Kihesa, samahani, mkono wa kushoto mimi umenigomea. Kulia naimba nao vizuri, nikiunganisha kushoto vyote vinavunjika. Nawasha ritimu ya kinanda (ngoma zinazojipiga zenyewe) inisaidie lakini naona inanikimbia.

Mdau wa Iringa, Kihesa

Dada, zima ritimu kwanza. Inakuficha, hujui ni mkono upi umechelewa. Kushoto piga sauti moja tu ya chini kwa kila kipimo (kundi la mapigo): do, au fa, au so, kadiri wimbo unavyokwenda. Usipige kordi bado. Kulia acha kabisa, wewe imba sauti ya wimbo kwa mdomo huku kushoto kunapiga. Mdomo na kushoto vikielewana, rudisha kulia kwa ubeti wa kwanza peke yake. Halafu jirekodi kwa simu usikilize ukiwa umekaa mbali na kinanda, utasikia mwenyewe panapovunjika, na mara nyingi ni sehemu ileile moja, pale unapohama kordi. Hiyo ndiyo uirudie, si wimbo mzima.

Mdau wa Tukuyu

Ndaga fijo, kaka. Leo watoto wakilala naanza na do hiyo moja.