Granji: video ipi inaubeba wimbo, na ipi inaufunika?

KambaYaSita
Wakuu, mpwa wangu wa kidato cha tatu kanunua fulana ya Nirvana pale Karume, ile nyeusi yenye uso wa njano unaotoa ulimi. Nikamuuliza kama anaijua hiyo bendi, akasema alidhani ni jina la kampuni ya nguo. Jumamosi namkalisha nimwonyeshe video tatu tu, maana nikimwekea kumi hatashika hata moja. Mpaka sasa nina hizi: "Smells Like Teen Spirit" ya Nirvana (1991), "Jeremy" ya Pearl Jam (1992) na "Black Hole Sun" ya Soundgarden (1994). Bendi zote ni za granji, yaani roki ya magitaa mazito iliyotokea Seattle na miji ya jirani, jimbo la Washington, Marekani.

Nirvana kwangu haijadiliwi. Ukumbi wa michezo wa shule, moshi, mwanga wa kahawia kama chai ya rangi, washangiliaji wa kike waliovaa nguo nyeusi zenye alama ya A ya waasi kifuani, na mfagiaji anayecheza na dekio lake. Mwongozaji, Samuel Bayer, aliwakalisha vijana kwenye viti vya ngazi muda mrefu wakirudia tukio lilelile hadi wakachoka. Kurt Cobain, mwimbaji wa Nirvana, akaomba waachiwe washuke. Zile vurugu za mwisho hakuna aliyeigiza, ni watu waliochoka kukaa. Ndiyo maana hata ukizima sauti bado unausikia wimbo.

Hizo mbili nyingine ndizo nataka mnishauri.

MwanaGikomba
Kaka, mwambie huyo kijana kuwa hajakosea kuinunua mtumbani. Zile shati za drafti walizovaa wanamuziki wa Seattle zilitoka kwenye maduka ya nguo kuukuu, kwa sababu zilikuwa rahisi na kule kuna baridi na mvua. Mwaka 1992 mbunifu wa mavazi Marc Jacobs akapeleka mtindo huohuo kwenye maonyesho ya mavazi New York, bei ikawa ya matajiri. Akiijua hiyo ataivaa fulana yake kifua mbele.

FundiBesi
"Black Hole Sun" ibaki. Msikilizishe gitaa la mwanzo kwa spika za masikioni kabla hajaona picha yoyote. Ile sauti inayoyumba kama taswira majini inatoka kwenye spika ya Leslie, ambayo ndani ya sanduku lake kuna kitu kinachozunguka na kuitupa sauti huku na kule. Wenye kupiga kinanda kanisani wanaijua. Tena kamba nene ya gitaa imelegezwa hadi nota ya D, ndipo unapata ule uzito kwenye kiitikio.

Halafu aone alichofanya mwongozaji wa video, Howard Greenhalgh: mtaa safi wa Kimarekani, watu wanatabasamu mpaka midomo inavutika kupita kiasi, mdoli anageuzwa kwenye jiko la mkaa. Bendi yenyewe imesimama tu, karibu haitikisiki, mwimbaji wao Chris Cornell ana uma shingoni kama kidani. Wimbo unayumba, na picha inayumba nao. Hapo hakuna anayemfunika mwenzake.

BintiMakorora
Mjomba mtu, kuhusu "Jeremy" naomba usimwachie mtoto aitazame peke yake. Ni kisa cha kweli, Eddie Vedder, mwimbaji wa Pearl Jam, alikisoma gazetini: mwanafunzi wa Texas aliyejiua mbele ya darasa, Januari 1991.

MwanaGikomba
Si aliwapiga risasi wenzake? Ile damu kwenye mashati yao mwishoni?

BintiMakorora
Hapana kaka, na hilo ndilo linaloniuma. Televisheni ya MTV ilikata picha inayoonyesha alichojifanyia, ikabaki ile ya wanafunzi walioganda na madoa mashatini, basi watu wengi wakaelewa kinyume. Mtoto aliyeonewa akageuzwa muuaji. Toleo ambalo halikukatwa lilitolewa rasmi mwaka 2020, miaka 28 baadaye. Mwaka 1993 video hiyo ilipata tuzo nne za MTV, ikiwemo ya video bora ya mwaka, lakini Pearl Jam wenyewe wakaacha kutengeneza video mpaka 1998, na waliporudi walirudi na ya katuni. Kwangu mimi hiyo ndiyo video iliyoufunika wimbo wake. Kila nikiusikia redioni namwona yule mvulana, siusikii tena uimbaji.

Badala yake weka "Rooster" ya Alice in Chains. Mwongozaji ni yuleyule wa "Jeremy", Mark Pellington. Jerry Cantrell, mpiga gitaa wa bendi hiyo, aliitunga kwa ajili ya baba yake aliyepigana Vietnam, ambaye alikuwa hazungumzi habari za vita. Kwenye video baba mwenyewe yupo, anaongea mbele ya kamera. Mwangalie macho yake. Mtoto anamuuliza mzazi kwa gitaa, na mzazi anajibu.

Kaka_Nakuru
Naafikiana na dada kuhusu "Rooster", ila mnasahau "Hunger Strike" ya Temple of the Dog, kundi ambalo Cornell na Vedder waliimba pamoja. Video haina kisa chochote, wameimba tu kwenye bustani ya Discovery Park, Seattle, kando ya maji. Albamu nzima ni maombolezo ya Andrew Wood, mwimbaji wa Seattle aliyefariki mwaka 1990 na aliyekuwa akiishi nyumba moja na Cornell. Kwenye mazoezi Cornell alikuwa akihangaika kuziimba sehemu za chini na za juu peke yake. Vedder, mgeni mjini, akasogea kwenye maiki akachukua zile za chini. Msikilize pale sauti mbili zinapokutana.

KambaYaSita
Wakuu, nimerudi. Nilianza na Nirvana, nikafuata Soundgarden, nikamalizia na "Rooster". "Jeremy" nimeiweka kando, dada ameniridhisha. Kwenye "Rooster" kijana alinyamaza mpaka mwisho, halafu akaniuliza kama babu yake, mzee wetu aliyekwenda vita vya Kagera, aliwahi kuulizwa chochote. Nilimwambia hapana.

Jumapili tunakwenda kwa mzee. "Hunger Strike" tutaisikiliza njiani, kaka wa Nakuru.

BintiMakorora
Msalimie mzee. Mwache yeye aanze.