Mpwa wangu alikimbia siku 60 za jela, sasa leseni imegoma huku

Mjomba wa Makole:

Mbukwenyi ndugu zangu wa Dodoma na wote wa kanda ya kati mlioko huku Marekani. Wakubwa shikamooni. Naandika nina mzigo moyoni, naomba msimhukumu kijana kabla hamjamaliza kusoma.

Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu wa Kongwa, naishi naye hapa mwaka wa nne sasa. Juzi alienda ofisi ya leseni maana ile aliyokuja nayo imeisha muda, kafika dirishani yule mama akaingiza jina, akanyamaza, akaita bosi wake, wakamwambia mfumo umekataa, kuna jimbo lingine limemzuia, akamalizane nao kwanza. Dirisha la pili wakamwambia hiyo siyo kazi yao, la tatu wakamrudisha la kwanza. Masaa matatu mazima yamepotea na shifti ameikosa. Karatasi aliyopewa ina namba ya simu tu.

Ndo usiku akanieleza kitu ambacho hajawahi kunieleza. Kule jimbo la kusini alikokuwa anakaa (silitaji) alipata DUI (kuendesha gari umelewa), akakiri kosa, jaji akampa siku 60 jela ya kaunti (kama wilaya ya kwetu) na probesheni, yaani kipindi cha uangalizi, juu yake, akapangiwa ajipeleke mwenyewe Ijumaa saa kumi na mbili jioni. Ile Ijumaa akapanda basi akaja kwangu. Mimi nilijua kafuata kazi kiwanda cha nyama, hata nikampikia wali.

Sasa grini kadi yake inaisha mwezi wa tatu, I-90, fomu ya kuomba kadi mpya, lazima ijazwe, na mama yake Kongwa presha haishuki anataka kumuona mwanae. Swali langu ni moja tu: akiitwa biometriki akaweka vidole, wanamkamata palepale? Mwenye uzoefu anijibu tafadhali.

Dereva wa I-70:

Marahaba mjomba, pole sana. Mimi niliwahi kuishi na waranti (amri ya kukamatwa) miaka sita bila kujua kama bado ipo hai. Ilikuwa faini ya mahakama niliacha bila kulipa, siyo kifungo, lakini jaji alitoa waranti. Siku moja naendesha lori usiku, taa ya nyuma imezima, trafiki akanisimamisha, akachukua leseni akarudi garini kwake, akakaa muda mrefu mpaka nikajua hapa kuna jambo. Wakaja wawili. Pingu. Wakapiga simu ile kaunti iliyotoa waranti, kaunti ikasema hatuji kumchukua, mbali sana. Wakaniachia alfajiri. Nikajua yameisha!! Miezi minane baadaye jimbo lingine, kwenye mzani wa malori, ile ile waranti, safari hii nilikuwa karibu na jimbo lao na walikuja. Siku 11 nimelala ndani, lori limebaki barabarani na mzigo wa kuku waliogandishwa, kampuni ikanifukuza kwa simu.

Kwahiyo mjomba, kuachiwa mara moja siyo kusamehewa. Jina likishaingia NCIC, orodha ya FBI ya wanaotafutwa ambayo polisi wa kila jimbo wanaiona, linabaki mle mpaka waliolitoa wenyewe walifute.

Binti Kondoa:

Kaka Dereva pole ila naona watu wataanza kuchanganya mambo. Leseni haikugoma kwa sababu ya waranti!! Leseni imegoma kwa sababu ya ile DUI yenyewe. Jimbo la kusini lilifungia haki yake ya kuendesha, taarifa ikaingia NDR, ambayo ni rejista ya taifa ya madereva wenye matatizo, na kila jimbo kabla ya kutoa leseni linaangalia humo. Hata akiimaliza jela yote kesho, bila kumaliza kozi ya pombe na ada za kurudishiwa leseni, dirishani atakataliwa tena. Hizo ni njia mbili tofauti, mahakama na ofisi ya leseni, na kila moja ina karatasi zake. Mimi nimefanya tafsiri mahakamani miaka tisa nimeona watu wanalipa huku wanasahau kule.

Na ile namba ya simu asipige yeye. Nimesema asipige yeye mwenyewe.

Baba Wawili:

Mimi nilisikia baada ya miaka saba inafutika yenyewe. Amebakiza mitatu tu. Avumilie, apande basi, asiendeshe.

Binti Kondoa:

Baba Wawili nakuheshimu lakini hayo ya miaka saba ni ya madeni kwenye ripoti ya mkopo. Mtu ameshahukumiwa, ukomo wa muda unahusu kufungua kesi, na hii ilishafunguliwa ikaisha kwa hukumu. Waranti yake itamsubiri hata miaka 30. Tafadhali tusimpe mtu ushauri wa salon kwenye jambo la jela.

Baba Wawili:

Nimesema NILISIKIA. Hakuna haja ya ukali.

Mwalimu wa Mpwapwa:

Ndugu zangu tuongee taratibu, kijana mwenyewe anaweza kuwa anasoma.

Nadhani wengi wetu tunalichukulia jimbo kama mkoa. Kwetu mtu akitoroka Dodoma akaenda Manyoni ni polisi walewale, mahakama zilezile, sheria moja. Huku kila jimbo lina sheria zake na jela zake, ndo maana kijana anaona akivuka mpaka amevuka yote. Lakini katiba yao, ibara ya nne, inasema mtuhumiwa aliyekimbia haki akikutwa jimbo lingine atarudishwa akiombwa. Zamani magavana walikuwa wanaweza kukaidi, kuna kesi ya 1861 iliyosema mahakama ya shirikisho haiwezi kumlazimisha gavana, ikaja kupinduliwa 1987 kwenye kesi ya Puerto Rico dhidi ya gavana wa Iowa, Branstad. Tangu hapo gavana akiletewa karatasi zilizokamilika hana pa kukwepea.

Akikamatwa huku atafunguliwa jalada la kuwa mkimbizi wa haki. Majimbo mengi yanaweza kumshikilia siku 30 kusubiri hati ya gavana, na jaji anaweza kuongeza nyingine hadi 60. Hapo bado hajaanza kutumikia hata siku moja ya zile 60 za mwanzo! Anaweza kusaini kwamba hapingi kurudishwa, anasafirishwa mapema. Kweli alivyosema Dereva, kosa likiwa misdimina, yaani kosa dogo, kaunti nyingi hazitumi askari mbali kwa sababu gharama ni yao. Ila kutojisalimisha siku uliyopangiwa ni kosa jipya sehemu nyingi, na kuna majimbo linahesabiwa feloni, yaani kosa kubwa. Ikifika feloni, kuvuka mpaka kukwepa kifungo kunagusa na sheria ya shirikisho, hadi miaka mitano. Si kila mtu wanamfungulia, lakini ipo kwenye vitabu. Mtoto aliyekimbia siku 60 asije akajikuta anahesabu miaka.

Nesi wa Nkuhungu:

Mjomba, mimi nilikuwa na mume katika hali kama hii, sitasema zaidi. Naomba niongee la uhamiaji kwa sababu hapo ndo tuliumia.

Yeye alisema kosa dogo, kaunti haimtafuti, akaenda nyumbani kumzika baba yake Hombolo. Kwenda hakuna aliyemuuliza. Kurudi, uwanja wa ndege, CBP, maafisa wa mpakani, wakapitisha vidole, akapelekwa chumba cha pembeni. Mimi nipo nje nimebeba koti lake maana ilikuwa theluji na yeye katoka kwenye joto la Dodoma. Nimesimama masaa sita. Simu yangu ikalia usiku, tayari yuko kizuizini.

DUI moja peke yake kwa kawaida siyo ya kumfukuza mwenye grini kadi. Lakini kukimbia hukumu, mbele ya afisa inaonekana tabia. Na akitaka N-400, fomu ya kuomba uraia, baadaye wanaangalia mwenendo wake miaka mitano, na mtu akiwa amekaa jela kwa hukumu siku 180 au zaidi ndani ya hiyo miaka uraia unakataliwa. Leo ana 60. Akiongezewa za kukimbia na za kuvunja probesheni hesabu inasogea. Hata stempu za chakula, ule msaada wa serikali, sheria ya 1996 inawanyima wanaokimbia feloni na wanaovunja probesheni, kwahiyo kama kwenye nyumba yenu kuna anayepokea msimjaze kwenye fomu bila kuuliza.

Asisafiri mjomba. Mwambie dada yako ukweli kuliko kumpandisha ndege.

Baba Wawili:

Basi arudi Dodoma moja kwa moja! Nani atamfuata Kongwa kwa siku 60? Akalime zabibu. Hii nchi inatunyanyasa, nyumbani sasa hivi kuna treni ya umeme tangu 2024, unatoka Dar asubuhi mchana unakula chakula chako Dodoma, makao makuu yamejengeka, tunang'ang'ania nini huku?

Mwalimu wa Mpwapwa:

Hakuna wa kumfuata pengine, ingawa mkataba wa kurudishana wahalifu upo toka 1931 enzi za Mwingereza na bado unahesabika. Lakini akikaa nje zaidi ya mwaka bila kibali cha I-131, kile cha kuingia tena unachoomba kabla ya kuondoka, grini kadi inahesabika ameiacha. Ana mtoto huku? Mjomba hajasema.

Mjomba wa Makole:

Anaye wa kike, miaka sita, kwa mama mwingine kulekule kusini. Ndo anaogopa kuliko jela.

Mzee wa Bahi:

Vijana wangu nimewasoma. Baba Wawili anachosema siyo cha kudharau. Kama tungekuwa na uraia pacha, mtu asingekuwa anachagua kati ya mama yake na mwanae. Sheria yetu ya uraia ya 1995 ukichukua pasi ya huku umepoteza ya nyumbani, usipochukua unabaki unatetemeka kila kadi inapoisha. Kuna hii hadhi maalum ya sisi tulio nje, lakini haikupi kura wala jina la Mtanzania. Mimi nina miaka 71, kiwanja changu Nzuguni nimekiandika jina la mdogo wangu, na usiku mwingine nalala nawaza akifa yeye kabla yangu watoto wake wataniambia mimi ni nani.

Binti Kondoa:

Shikamoo mzee. Uraia pacha usingemsaidia hapa, waranti haiangalii pasi. Tumetoka nje ya mada.

Dereva wa I-70:

Mwache mzee aseme. Mimi hapa nimepaki Kansas, ni tambarare na upepo kama wa Dodoma mwezi wa nane, ule unaokuja na vumbi jekundu mpaka kwenye meno. Nimekumbuka ugali wa uwele na mlenda wa bibi mpaka nikazima injini nikae kidogo.

Nesi wa Nkuhungu:

Mjomba, ushauri wangu ni mawakili WAWILI. Mmoja wa jinai, awe wa kaunti ileile iliyomhukumu, awe anawajua majaji wa pale, huyo ndo anapeleka maombi ya kuondoa waranti na kupanga siku ya kujisalimisha. Wa pili wa uhamiaji, asome kabla kijana hajakiri chochote kipya. Mahakama yao ya juu kabisa ilisema 2010 kwamba wakili wa jinai lazima amweleze mgeni athari za uhamiaji, lakini sisi wetu alisema "usijali" tukasaini. Anayejileta mwenyewe na wakili jaji anamtazama tofauti na anayeletwa na pingu. Haina uhakika, nakwambia nilichoona.

Na I-90 isijazwe kabla hao wawili hawajaongea.

Baba Wawili:

Mjomba nisamehe kama nimeongea vibaya. Mdogo wangu naye alikimbia, siyo jela, alikimbia deni la watu huko Kizota akaja huku, na hajarudi hata mama alipofariki. Nadhani ndo maana nikasema arudi.

Nachangia dola mia kwa wakili. Nani anakusanya?

Dereva wa I-70:

Na mimi mia. Mzani ule sitausahau.

Mjomba wa Makole:

Asanteni wote, nimesoma mpaka mwisho na kijana amesoma amekaa pembeni yangu. Wakili wa kaunti ile tumempata, amesema tusipige simu popote wala kwenda dirisha lolote mpaka aone faili, anataka malipo nusu kabla. Wa uhamiaji bado. Swali langu la biometriki hajanijibu, amesema hilo siyo lake, na hapa pia sijaona aliyewahi kwenda na waranti akatoka au akakamatwa. Kama yupo aniandikie hata pembeni.

Sasa hivi huku saa tatu usiku, Kongwa kumepambazuka, dada yangu anaamka mapema kuwahi maji. Kijana amesema atamwambia mwenyewe, hataki niongee kwa niaba yake. Simu inaita. Nimetoka nje kumpisha.